Tembe Halikuwa Umaskini

Anayepita Singida kwa basi, akielekea Mwanza au Arusha, hutuhukumu kwa mambo matatu: mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yataporomoka leo, matenga ya kuku wa kienyeji pale stendi, na upepo. Akiinua macho zaidi kidogo ataona, mbali na lami, nyumba fupi ya udongo yenye paa bapa, isiyo na bati: tembe. Hapo humgeukia jirani yake akasema kwamba watu wa huku bado wako nyuma.

Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa msichana wa shule. Yamesemwa na makondakta, yamesemwa na walimu waliopangiwa kazi kwetu wakaja wamenuna, yamesemwa na mabwana wa miradi wenye fomu zao. Sensa huuliza nyumba imeezekwa kwa nini. Paa likitajwa kuwa la udongo, kaya hiyo imekwisha kuingia fungu la maskini kabla haijaulizwa ina ng'ombe wangapi. Haya yote ningeyavumilia. Kilichonishikisha kalamu ni vijana wetu wenyewe, wajukuu wa watu waliozijenga nyumba hizo kwa mikono yao, kuyarudia maneno hayohayo kwa kicheko. Binti wa mdogo wangu, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, aliniuliza kama ni kweli tulilala na mbuzi ndani. Ni kweli. Tulilala nao, na ndama pia, na ninataka kueleza tulilala nao vipi na kwa sababu gani.

Ninalosema ni hili. Mila za Wanyaturu, au Warimi kama tunavyojiita, hazikutunzwa kwa maandishi. Zilijengwa. Zilikaa ndani ya tembe na uani mwake: nani alale wapi, ghala ni la nani, ng'ombe aingie kwa mlango upi, mzee aketi upande gani jioni. Tembe lilipobomolewa, mila zikakosa pa kukaa. Wengi hulaumu dini, wengine shule, wengine televisheni. Mimi nalaumu kule kuhamishwa kwetu kwa lazima mwaka 1974.

Nilizaliwa upande wa Ihanja, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Ikungi. Ni nchi ya juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake haina ukarimu: kwa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 800, yote ikijikusanya kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua, na kuanzia Juni ni upepo. Upepo wa Singida wa Juni na Julai ni baridi, unavuma usiku kucha, unabeba vumbi na chochote kisichofungwa. Nyumba ndefu yenye paa la nyasi lililochongoka haidumu mbele yake. Wazee wetu hawakujenga chini kwa kukosa akili ya kujenga juu. Walijenga chini kwa sababu waliishi katika nchi hiyo miaka mingi wakaujua upepo wake.

Tembe lilianza na miti. Wanaume walikwenda porini wakati wa kiangazi kutafuta nguzo za mti mgumu usioliwa na mchwa, zenye panda juu. Nguzo hizo zilichimbiwa kwa safu, na juu ya panda zikalazwa boriti nene, na juu ya boriti fito zilizobanana, na juu ya fito magome na nyasi, kisha udongo. Udongo wenyewe ulichaguliwa. Ule wa kichuguu ulipendwa kwa kuwa mchwa wameshausaga laini na ukikauka haupitishi maji. Paa liliinamishwa kidogo tu, kiasi ambacho jicho la mgeni halioni, ili maji yateremke upande mmoja bila kuchimba mifereji. Kuta zilisukwa kwa miti na kukandikwa na wanawake. Bibi yangu alisiriba ukuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kiganja chake kikienda nusu duara baada ya nusu duara, na ukuta ulipokauka alama hizo zilibaki, zote zikiwa sawa. Nyumba ya jirani niliweza kuitambua kwa kutazama ukuta tu, maana kila mwanamke ana kiganja chake.

Paa lilikuwa shamba la pili. Juu yake tulianika mtama na uwele, vipande vya maboga, majani ya kunde ya kuwekea kiangazi, na mlenda uliokwisha kuchambuliwa. Kazi ya kukaa juu na kufukuza kuku ilikuwa ya mtoto mdogo asiyeweza bado kwenda machungani. Niliifanya kazi hiyo na nikaipenda, kwa sababu kutoka juu ya paa dunia yote ilionekana: moshi wa matembe mengine, kila moja peke yake katikati ya mashamba yake, njia nyembamba za ng'ombe zikiyaunganisha, na mbali kabisa mawe ya upande wa Singida mjini. Kila boma lilikuwa na nafasi yake, na jirani alikuwa wa kuitwa kwa sauti. Huo haukuwa upweke. Ukipiga yowe usiku, wanaume walifika na mikuki kabla hujamaliza kusema kilichotokea.

Ndani kulikuwa na giza, na hili ndilo wageni hulisema kwanza. Naam, kulikuwa na giza. Giza hilo lilikuwa la makusudi. Mchana wa Oktoba, nje kukiwaka moto, ndani ya tembe kulikuwa na ubaridi wa chini ya mti mkubwa. Usiku wa Julai joto la jiko, la watu na la mifugo liliganda chini ya paa lile nene, na mtoto alilala bila blanketi. Moshi uliotuuma macho ndio uliofukuza mbu na uliokausha boriti zisiliwe na wadudu, na ndio uliolinda mbegu zilizotundikwa juu ya jiko. Ndama na watoto wa mbuzi walilala katika chumba chao cha ndani, upande wa pili wa ukuta mfupi, kwa sababu mama zao walikuwa zizini na fisi alikuwa nje. Basi ndiyo, tulilala nao. Nilijua mbuzi yupi anakohoa kabla baba hajajua.

Vyumba vilipangwa kwa heshima. Baba mwenye wake zaidi ya mmoja hakuwachanganya. Kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake, jiwe lake la kusagia lililojengewa kitako cha udongo, vihenge vyake vya nafaka, na mashamba aliyogawiwa alipoolewa. Hata ng'ombe walihesabiwa kwa nyumba: hawa ni wa nyumba ya mke mkubwa, hawa ni wa nyumba ya mke mdogo, na watoto wa kiume walirithi kwa nyumba ya mama yao. Husemwa siku hizi kwamba mwanamke wa zamani hakuwa na chochote. Mwanamke wa kwetu hakuwa na hati, na mahari yake iliamuliwa na wanaume, siwezi kulikana hilo. Lakini sikuwahi kumwona babu akiweka mkono katika kihenge cha bibi bila kumwambia. Alipotaka uwele wa kutengenezea pombe ya kuwaita watu palizi, aliomba, na bibi alipokataa, palizi ilisubiri.

Palizi hiyo nayo ilikuwa taasisi. Mtu mmoja hawezi kupalilia shamba la uwele kwa wakati, maana mvua ni fupi na magugu yanakuja yote kwa mpigo. Basi mwenye shamba alipika pombe ya nafaka, akatangaza siku, na alfajiri ya siku hiyo majembe yalijipanga kwa safu kutoka ukingo hadi ukingo wa shamba. Kulikuwa na mwimbishaji. Kulikuwa na vijana walioshindana ili waonekane na wasichana waliokuwa safu ya pili. Shamba likiisha mchana, watu walikwenda kunawa, wakarudi uani kunywa, wazee upande wao na vijana upande wao. Hakuna aliyelipwa fedha, na hakuna aliyesahau nani alikuja na nani hakuja.

Na hapa nije kwenye ng'ombe, kwa kuwa hapo ndipo tumetukanwa zaidi. Vitabu vya ukoloni vilisema Waafrika wa nyanda za katikati hufuga ng'ombe wengi kwa sifa tu, bila faida. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Harold Schneider, alikuja kukaa kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake juu ya Wahi, mojawapo ya matawi yetu, kikatoka mwaka 1970. Alichokikuta kilipingana na dhana hiyo. Aliona watu wanaopiga hesabu. Ng'ombe hutoa samadi, samadi hutia nguvu shamba lililo karibu na boma, shamba lenye nguvu hutoa nafaka ya ziada, nafaka ya ziada katika mwaka wa njaa hubadilishwa na mifugo, na mifugo huleta mke, na mke huleta mikono ya kulima shamba jingine. Babu yangu angeweza kumweleza yote hayo kwa jioni moja. Hata hivyo namshukuru Schneider kwa kuyaandika, kwa sababu kuna watu wasioamini jambo mpaka wakalisome.

Angalia basi mahali pa tembe katika hesabu hiyo. Zizi lilikuwa uani, katikati, limezungushiwa kuta za nyumba na uzio wa miiba. Samadi ilikusanyika palepale. Mashamba ya uwele yalianza hatua chache nje ya boma, na samadi ilibebwa kwa vikapu na wanawake na watoto, si mbali. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote nyumbani. Aligawa kwa rafiki, kwa shemeji, kwa kijana anayeanza maisha, naye aliyepewa alikunywa maziwa na kupata samadi, na ndama waliozaliwa walibaki mali ya mwenyewe, ila kwa shukrani angeachiwa mtamba mmoja. Ugonjwa ukiingia bonde moja haukummaliza mtu. Maskini naye hakukosa samadi. Nimesoma baadaye kuhusu benki na bima, na sijaona humo wazo ambalo wazee wa Ihanja hawakuwa nalo.

Utoto wetu ulipangwa na kazi hizo. Ukiwa mdogo unakaa juu ya paa. Ukikua kidogo unachunga ndama karibu na boma, kisha mbuzi, kisha, kama ni mvulana, ng'ombe wa malishoni mbali. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo wa mtoni, tukawapa majina ya ng'ombe wetu wa kweli, tukalipana mahari. Tulichuma furu na ukwaju, tukapasua mabuyu kwenye mawe. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuamia ndege. Uwele ukianza kukomaa, mnamo Machi na Aprili, kwelea kwelea wanakuja kama wingu, na wakitua asubuhi moja wanamaliza chakula cha mwaka. Basi dungu linajengwa katikati ya shamba, na watoto wanahamia huko kuanzia mapambazuko hadi jua kuzama, na kombeo, na debe bovu, na sauti zao. Tuliimba kutoka dungu hadi dungu. Shamba la kwetu likiimba, la jirani liliitikia, na la tatu likapokea, na wimbo ukazunguka bonde zima ukarudi kwetu. Nyimbo hizo zilikuwa na majina ya watu: nani kalala dunguni mpaka ndege wakala, nani anamtaka nani, mama wa nani ni mchoyo wa maziwa. Habari za kijiji zilikuwa humo. Leo wanaopanda uwele ni wachache. Mahindi na alizeti ndivyo vilivyojaa, na ingawa ndege hula alizeti pia, sijasikia tena bonde likiimba.

Jioni ilikuwa ya bibi. Baada ya ugali wa uwele na mlenda, au maziwa ya mgando kama mwaka ulikuwa mzuri, watoto wote wa boma walikusanyika katika nyumba yake, wa mke huyu na wa mke yule bila kubaguana. Vitendawili kwanza, na aliyeshindwa alitoa mji. Hadithi baadaye, za sungura na fisi, na za watu. Hapo ndipo niliposikia habari za Liti.

Liti alikuwa mwanamke wa kwetu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Bibi alisimulia kwamba askari walipokuja kumkamata, Liti aliwatuma nyuki wake, na askari wenye bunduki wakakimbia wakitupa silaha. Mwishowe Wajerumani walimuua. Mgeni akisikia hadithi hiyo hukimbilia kuuliza kama nyuki hutumwa kweli. Kwetu swali lilikuwa jingine: kwa nini alisimama mwanamke? Na jibu la bibi lilikuwa kwamba alisimama aliyeweza kusimama. Nchi yetu ni ya nyuki, kuanzia huku hadi vichaka vya Itigi, na asali yake inajulikana Tanzania nzima. Mtu anayeishi na nyuki hujua jinsi ya kuwakasirisha. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, tuliouita Namfua kwa miaka mingi, sasa unaitwa Liti, na nilifurahi sana siku niliposikia. Ningefurahi zaidi kama timu zinazocheza pale zingeambiwa alikuwa nani.

Babu naye alikuwa na hadithi yake, ya reli. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, huko ambako leo ni Mkalama. Babu aliwahi kufanya kibarua cha kubeba mataruma. Walisema treni ingechukua nafaka na ngozi na kuleta maendeleo. Katika miaka ya 1940 wakaing'oa, chuma chote, wakaondoka nacho, na nchi ikabaki na tuta tupu. Ilipita karibu miongo minne kabla wenyeji hawajaanza kuona reli nyingine ikirudi kutoka Manyoni. Nalitaja hili kwa sababu watu huuliza kwa nini Wanyaturu ni wagumu kuamini mgeni anayekuja na ramani.

Yako mambo mawili ambayo wageni hupenda kuyauliza kuliko yote, nami nitayapitia haraka. La kwanza ni mbojo, watu-simba waliohusishwa na mauaji. Ndiyo, katika miaka ya 1940 watu wengi waliuawa Singida, na serikali ya kikoloni ikashitaki na kunyonga. Schneider aliandika makala ya kulichunguza upya jambo hilo mwaka 1962, na mwenye hamu akaisome. Mimi sitakubali mkoa mzima, wenye Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo wa Manyoni na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, utambulishwe kwa mauaji ya miaka michache. La pili ni ukeketaji wa wasichana. Hilo lilikuwepo, sheria imelikataza tangu 1998, na wale wanaolifanya kwa siri hadi sasa, tena kwa watoto wachanga, hawalindi mila yoyote ninayoiheshimu. Liishe.

Sasa nifike mahali penyewe.

Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja si hiari tena, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Namheshimu Mwalimu kama Watanzania wengi wa rika langu. Sababu zake nilizielewa baadaye na bado naziona zina uzito: huwezi kupeleka bomba la maji, zahanati na mwalimu katika kila boma lililo peke yake katikati ya pori. Shule niliyomalizia masomo ya msingi ilitokana na uhamisho huo. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilipoanza, wadogo zangu wa kike waliingia darasani, na kama tungekuwa bado tumetawanyika, nadhani wawili kati yao wangebaki machungani. Sisemi haya kwa kupunguza makali. Nayasema kwa kuwa ni kweli.

Lakini jinsi ilivyofanyika nayo ni kweli. Kwetu amri ilifika mwaka 1974, na ukame ulikuwa tayari umeshika. Alikuja ofisa mmoja, kijana, si mtu wa huku, akiwa na wanamgambo na kamba ya kupimia. Viwanja vilikuwa vimepangwa kando ya barabara kwa mistari iliyonyooka, nyumba zikitazamana. Babu aliuliza zizi litakaa wapi. Akajibiwa kwamba mifugo itakuwa na mahali pake nje ya kijiji. Akauliza kila mke atajenga wapi. Akajibiwa kiwanja ni kimoja kwa kaya. Hakuuliza tena. Wengine waliokawia waliezuliwa matembe yao mchana, watoto wakiwa ndani. Boriti za kwetu babu alizitoa mwenyewe, taratibu, akazipakia kwenye sledi ya ng'ombe, ili angalau zisivunjwe na mtu mwingine.

Mwaka ule na uliofuata tulikula unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita yanga. Mashamba ya zamani yalikuwa mbali mno kwa mtu kubeba samadi kichwani, na mashamba mapya hayakuwahi kuonja samadi. Ng'ombe walilala mbali na wenyewe, wakaibwa. Walioazimishana ng'ombe wakawa sasa majirani wa ukuta kwa ukuta, na majirani wa ukuta kwa ukuta wana ugomvi ambao majirani wa yowe hawana: kuku wa nani kala unga wa nani, mtoto wa nani kamrushia nani jiwe. Bibi alijengewa kibanda kimoja na mke mwenzake. Walikuwa wameheshimiana muda wote wa ndoa yao kwa sababu kila mmoja alikuwa na mlango wake. Chini ya paa moja waliacha kusemezana. Sitasahau hilo, na sijui mwongozo gani wa serikali ulioliona linakuja.

Nyumba mpya zilijengwa haraka, ndogo, na paa la nyasi, baadaye bati kwa walioweza. Bati ni zuri kwa maji ya mvua, nami ninalo. Lakini huwezi kuanika mtama juu yake, mchana linachoma na usiku linaganda, na upepo wa Julai ukilishika linalia mpaka asubuhi. Chini ya bati hakuna chumba cha ndama, hakuna upande wa wazee, hakuna moshi wa kulinda mbegu, na watoto wa shangazi na wa baba mdogo hawana nyumba ya bibi ya kukusanyikia kwa sababu kila mmoja yuko kwao na redio yake. Hakuna aliyepiga marufuku vitendawili. Havikuwa na pa kutegwa tu.

Ndiyo maana nachoshwa na mihadhara ya kuwahimiza vijana wadumishe mila, inayotolewa ukumbini, kwa kipaza sauti, na ngoma ya dakika kumi mwishoni. Huwezi kumwambia kijana aheshimu upande wa wazee katika nyumba isiyo na upande wa wazee. Huwezi kumfundisha binti kwamba kihenge ni cha mama wakati nafaka iko kwenye gunia chini ya kitanda cha baba na inauzwa kwa mchuuzi wa lori.

Kuna tembe moja lililohifadhiwa vizuri katika nchi za katikati, nalo liko Kwihara, karibu na Tabora. Lilijengwa kwa mtindo wa wafanyabiashara wa Kiarabu, na linatunzwa kwa sababu Livingstone na Stanley walikaa humo mwaka 1872. Watalii hupelekwa. Sina neno na Livingstone. Neno langu ni kwamba maelfu ya watu wetu walizaliwa, wakaozwa na wakafa katika matembe, na hata moja la kwetu halikuonekana linastahili mlinzi kwa ajili yao. Ukitaka kuwaonyesha watoto nyumba za jadi, unaambiwa uwapeleke Dar es Salaam, kwenye Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1967, safari ya siku nzima kutoka Singida.

Sidai turudi matembeni. Miti ya nguzo imekwisha kukatwa, pori limekuwa mashamba ya alizeti, na sitaki mjukuu wangu abebe maji kutoka mbali kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Mkoa wetu umekuwepo tangu 1963 na una halmashauri zake, una shule za sekondari katika kila kata au karibu kila kata, una vijana wenye nguvu na simu za kupiga picha. Kila halmashauri ijenge tembe moja kamili, si kibanda cha maonesho ya Nane Nane cha kubomolewa wiki inayofuata: lenye zizi uani, chumba cha ndama, jiwe la kusagia, vihenge na dungu nje yake. Wanyiramba wajenge la kwao kule Kiomboi kwa namna yao, Wanyisanzu la kwao Mkalama, Wagogo la kwao Manyoni, maana hayakufanana na hakuna haja ya kuyafananisha. Wanafunzi wachimbe nguzo wenyewe. Na wapewe wazee wa kuwaelekeza, wanaume wanaojua mti upi hauliwi na mchwa na wanawake wanaojua udongo upi haupitishi maji.

Wazee hao ninaowasema, katika kata yetu, wamebaki wachache, na aliye kijana kuliko wote amevuka miaka 75. Miti hukatwa na udongo hupandishwa paani wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kabla mvua haijaanza. Mwenye mamlaka ya kuamua, na aamue kabla ya Juni ijayo.